Kuchagua mfumo wa rasilimali watu na fedha kwa huduma ya wingu: mambo ya kuzingatia kabla ya kusaini mkataba

Taasisi nyingi nchini, zikiwemo kampuni binafsi, hospitali za mashirika ya dini, vyuo na vyama vya akiba na mikopo, zinaendelea kuachana na majalada ya karatasi na programu zilizofungiwa katika kompyuta moja ya mhasibu, na kujiunga na mifumo ya rasilimali watu na fedha inayotolewa kwa huduma ya wingu. Katika huduma hiyo, programu na kanzidata hukaa katika seva za mtoa huduma. Taasisi huzifikia kwa njia ya intaneti na kulipa ada ya mwezi au ya mwaka, aghalabu kwa kuhesabu idadi ya watumishi. Makala haya yameandaliwa kwa ajili ya viongozi na wajumbe wa bodi wanaotakiwa kuidhinisha ununuzi wa aina hiyo, na kwa watumishi ambao mishahara yao itapita humo.

Ni vyema kutenganisha mapema hali mbili. Kwa wizara, idara, wakala na halmashauri, uamuzi wa msingi umekwishafanyika: malipo yanapita katika Mfumo wa Ulipaji Serikalini (MUSE), uliojengwa na wataalamu wa ndani kuchukua nafasi ya mfumo wa Epicor, na taarifa za kiutumishi na mishahara zinasimamiwa kupitia mfumo wa pamoja wa HCMIS. Taasisi ya umma inayohitaji mfumo wa ziada hupaswa kuwasilisha mradi wake kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao kwa mujibu wa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, ili kuepusha kununua kile ambacho Serikali inacho tayari, na kuhakikisha kuwa mifumo inasomana. Maelezo yanayofuata yanawahusu zaidi waajiri walio nje ya utaratibu huo, ingawa kanuni zake ni zilezile.

Kosa la Queensland

Mwezi Machi 2010, Idara ya Afya ya Jimbo la Queensland nchini Australia iliwasha mfumo mpya wa mishahara kwa watumishi wake wapatao 78,000. Katika malipo ya kwanza, baadhi ya wauguzi na madaktari walilipwa pungufu, wengine walizidishiwa, na wapo ambao hawakupata kitu. Mkataba wa awali ulikuwa wa takribani dola milioni 6 za Australia. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Richard Chesterman ilipotoa taarifa yake mwaka 2013, gharama ya kurekebisha na kuuendesha mfumo huo ilikuwa ikikadiriwa kufikia dola bilioni 1.2 katika kipindi cha miaka minane.

Mfumo wenyewe haukuwa wa wingu kwa maana ya leo, lakini chanzo cha matatizo yake ndicho kinachowakuta wanunuzi wa sasa. Watumishi wa afya wa jimbo hilo walikuwa wakilipwa chini ya mikataba mingi ya kazi, yenye posho zaidi ya 200, na michanganyiko ya kanuni za malipo ilifikia maelfu kwa maelfu. Mahitaji hayo hayakuainishwa ipasavyo kabla kazi haijaanza. Programu ilinunuliwa, kisha ndipo watu wakaanza kugundua ni nini hasa walitakiwa kuieleza ifanye.

Miaka sita baadaye Kanada ilipita njia hiyo hiyo. Mfumo wa Phoenix, uliotarajiwa kuokoa dola milioni 70 za nchi hiyo kila mwaka, ulianza kazi Februari 2016 kwa watumishi wa Serikali Kuu wapatao 290,000, ukiwa na kanuni za malipo zaidi ya 80,000 za kutekeleza. Taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Kanada ya mwaka 2018 ilieleza kuwa, ili kubaki ndani ya bajeti na muda, wasimamizi wa mradi waliondoa baadhi ya kazi za mfumo, ikiwemo ile ya kukokotoa malimbikizo, na wakafuta majaribio yaliyokuwa yafanyike katika idara moja. Nafasi za maofisa mishahara 1,200 waliokuwa wakizifahamu kanuni hizo zilifutwa, na kazi yao ikahamishiwa katika kituo kimoja kilichokuwa na watumishi 550, wengi wao wageni wa kazi. Zaidi ya nusu ya watumishi walikumbwa na makosa katika malipo yao, na gharama za kusafisha makosa hayo zimehesabiwa kwa mabilioni.

Katika mifano yote miwili, maarifa ya namna mishahara inavyokokotolewa yalikuwa vichwani mwa watu wachache na katika mafaili ya ofisi. Mwajiri anayetaka kuchagua mfumo vizuri hana budi kuanza hapo, kabla ya kumwita mzabuni yeyote kuonesha bidhaa yake.

Daftari la kanuni

Kazi ya kwanza, basi, ni kuandika kila kanuni inayoongoza malipo katika taasisi: inatokana na sheria gani au mkataba gani, inamhusu nani, na nani anaidhinisha. Kwa mwajiri wa Tanzania Bara daftari hilo litakuwa na kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, michango ya NSSF ambayo jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara, au ya PSSSF kwa wanaohusika nayo, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa wanufaika wa mikopo ya elimu ya juu, pamoja na makato ya vyama vya akiba na mikopo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaongeza masharti yake: saa za ziada kulipwa kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, kazi ya usiku kuongezewa asilimia 5 kwa kila saa, na likizo ya uzazi kuwa ya siku 84, au 100 kwa anayejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja.

Kanuni hizi hazikai mahali pamoja. Kiwango cha tozo ya ufundi stadi kimepunguzwa zaidi ya mara moja katika muongo uliopita kupitia Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Kwa kampuni zenye matawi nchini Kenya mwendo umekuwa wa kasi zaidi: ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ulianza kukatwa mwaka 2023, ukasimamishwa kufuatia uamuzi wa mahakama Januari 2024, ukarejeshwa kwa sheria mpya mwezi Machi mwaka huo huo, na kufikia Oktoba mchango wa bima ya afya wa asilimia 2.75 ukachukua nafasi ya ule uliokuwepo. Mabadiliko manne ndani ya miezi kumi na sita au pungufu yake. Swali la kumuuliza mtoa huduma ni hili: nani, kwa jina la kampuni na kwa namba ya simu, atabadilisha viwango hivyo ndani ya mfumo, kwa siku ngapi tangu sheria kutangazwa, na kwa malipo gani?

Jibu hutofautiana sana. Programu kubwa za kimataifa zilijengwa kwa ajili ya masoko yaliyo mbali na hapa. Workday, kwa mfano, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2005 na Dave Duffield na Aneel Bhusri baada ya Oracle kuinunua PeopleSoft, inatoa usimamizi wa watumishi kwa nchi nyingi, lakini sehemu yake yenyewe ya kukokotoa mishahara ilianza kwa nchi chache, zikiwemo Marekani, Kanada, Uingereza na Ufaransa. Kwingineko ukokotoaji hufanywa na kampuni washirika zinazounganishwa na mfumo. Hilo si kasoro, ila mnunuzi anapaswa kufahamu kwamba anaingia katika uhusiano na pande mbili, na kosa likitokea kila upande unaweza kumnyooshea mwenzake kidole. Zipo pia programu huria kama ERPNext, ambazo msimbo wake uko wazi na zinaweza kurekebishwa na wataalamu wa hapa nchini, kwa sharti kwamba taasisi ina uhakika wa kuwa na wataalamu hao hata baada ya yule aliyeanza nao kuhama.

Onesho la mauzo na jaribio la kweli

Onesho la mzabuni hufanywa kwa taarifa alizozitengeneza mwenyewe. Mtumishi wa mfano huwa na mshahara mmoja, hana mkopo, hajawahi kuhamishwa, na mwezi wake una siku kamili. Kamati ya tathmini iombe kitu kingine. Ichague watumishi kumi au kumi na watano walio wagumu zaidi katika orodha yake ya mishahara, ifiche majina yao, na imtake mzabuni azikokotoe hati zao za mshahara mbele ya maofisa mishahara. Awemo muuguzi aliyefanya zamu za usiku na kufanya kazi siku ya sikukuu. Awemo aliyepandishwa daraja mwezi Julai lakini barua yake ikafika Novemba, ili malimbikizo yaonekane. Awemo mwenye mkopo wa elimu ya juu, mkopo wa benki na makato ya chama cha akiba, ambaye makato yote yakijumlishwa yatashusha mshahara wake chini ya theluthi moja inayopaswa kubaki mkononi. Awemo aliyeacha kazi tarehe 11, na aliyefariki katikati ya mwezi, ambaye warithi wake wanadai stahiki zake.

Mzabuni anayefaa atakosea katika baadhi ya hati hizo, atauliza maswali na kurekebisha. Anayesema kuwa yote yanawezekana bila kuonesha hata moja anapaswa kutiliwa shaka.

Baada ya uteuzi, mfumo mpya uendeshwe sambamba na wa zamani kwa malipo ya miezi miwili au mitatu, na hati za mshahara zilinganishwe mtu kwa mtu hadi senti. Kipindi hiki huchosha watumishi wa uhasibu, kwa kuwa kazi huwa mara mbili, na ndiyo maana viongozi hushawishika kukifupisha pindi tarehe ya uzinduzi inapokaribia. Tofauti ya shilingi mia tatu katika hati moja inaweza kuwa kanuni iliyokosewa kwa watumishi wote wa kada hiyo.

Kuhamisha taarifa ni fursa ya kuzisafisha. Uhakiki wa mwaka 2016 uliwaondoa zaidi ya watumishi hewa 10,000 katika orodha ya mishahara ya Serikali. Mwajiri binafsi anayedhani hana tatizo hilo huenda hajawahi kulinganisha orodha yake na watu waliopo kazini. Akaunti moja ya benki inayopokea mishahara ya watu wawili, namba ya utambulisho inayojirudia, tarehe ya kuzaliwa inayoonesha mtumishi ana umri wa miaka 12: hayo yote yashughulikiwe kabla ya kuhamia, maana mfumo mpya utayapokea na kuyalipa kwa utiifu.

Birmingham na kishawishi cha kurekebisha

Kuhusu upande wa fedha, mfano unaosomwa zaidi kwa sasa ni wa Halmashauri ya Jiji la Birmingham, Uingereza, mojawapo ya mamlaka za mitaa kubwa zaidi barani Ulaya. Tangu mwaka 1999 halmashauri hiyo ilikuwa ikitumia SAP, na kwa miaka mingi iliufanyia mfumo huo marekebisho mengi ili uendane na taratibu zake. Ilipoamua kuhamia Oracle Fusion, ambao ni mfumo wa wingu, iliweka msingi mzuri: itaufuata mfumo ulivyo, na kubadilisha taratibu zake yenyewe. Msingi huo haukushikwa. Marekebisho yaliongezwa moja baada ya jingine, yakiwemo ya usuluhishi wa hesabu za benki, na mfumo ulipowashwa Aprili 2022 sehemu hiyo haikufanya kazi ipasavyo. Fedha ziliingia benki, lakini halmashauri ikashindwa kuzipanga katika akaunti zinazostahili bila kuajiri watu wa kuzichambua kwa mkono, na kwa kipindi kirefu haikuweza kutoa hesabu zinazokaguliwa.

Bajeti ya awali ilikuwa takribani pauni milioni 19. Mwaka 2023 uongozi wa halmashauri ulisema gharama zinaweza kufikia pauni milioni 100. Septemba mwaka huo halmashauri ilitoa taarifa rasmi ya kusitisha matumizi yote yasiyo ya lazima. Sehemu kubwa ya nakisi ilitokana na madai ya malipo sawa kwa wanawake na wanaume, na haitakuwa haki kuutwisha mfumo lawama yote. Hata hivyo, kutokuwa na hesabu za kuaminika kuliwanyima viongozi uwezo wa kujua ukubwa wa tatizo. Halmashauri imelazimika kuuweka mfumo huo upya, safari hii kwa kuufuata ulivyo.

Katika huduma ya wingu kishawishi hiki kina gharama ya pekee. Mtoa huduma huwahamisha wateja wake wote kwenda toleo jipya kwa ratiba yake mwenyewe: Workday hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka, Oracle Fusion kila robo mwaka. Kila rekebisho la mteja mmoja hulazimika kupimwa upya kila toleo linapokuja, na lisipopimwa linaweza kuvunjika bila mtu kujua hadi siku ya kufunga hesabu. Mnunuzi ajiulize kwa kila rekebisho analolitaka kama linatokana na sheria au na mazoea. Makato ya theluthi ni sheria. Fomu ya kuomba masurufu inayosainiwa na watu saba, huenda ni mazoea tu, na mkurugenzi anaweza kuibadilisha kwa waraka wa ukurasa mmoja. Kwa maoni ya mwandishi, orodha ya mazoea yatakayoachwa inapaswa kusainiwa na bodi kabla ya mkataba wenyewe.

Taarifa za watu

Mfumo wa rasilimali watu hubeba mshahara wa mtu, namba zake za utambulisho, vyeti vyake vya ugonjwa, majina ya watoto wake na alama zake za vidole. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa hizo kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Seva za mtoa huduma wa wingu zikiwa Ireland, Afrika Kusini au kwingineko, taarifa zimesafirishwa, hata kama anayezisoma ameketi Dodoma. Mkataba utaje nchi zilipo seva na zilipo nakala rudufu, na mwajiri apate mwongozo wa Tume mapema, kabla ya kuhamisha taarifa hata za majaribio. Ndani ya taasisi kwenyewe, anayemwingiza mtumishi mpya kwenye mfumo asiwe ndiye anayeidhinisha mshahara wake, na kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na saa ngapi isiweze kufutwa na yeyote, akiwemo msimamizi mkuu wa mfumo.

Siku mtandao unapokatika

Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu na huduma ya intaneti ikashuka nchini na katika nchi jirani. Hitilafu kama hiyo ikitokea tarehe 24 ya mwezi, siku ambayo waajiri wengi huandaa mishahara, taasisi inayotegemea seva za nje itakuwa na kazi gani ya kufanya? Desemba 2021 kampuni ya Marekani ya UKG, inayotoa huduma za mahudhurio na mishahara, ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni waliozuia mifumo yake, na waajiri wengi, hospitali zikiwemo, wakalazimika kwa wiki kadhaa kurejea kwenye karatasi au kurudia malipo ya mwezi uliotangulia. Na Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulijikuta huduma zake zimefutwa katika Google Cloud kwa kosa la mpangilio. Ulinusurika kwa sababu ulikuwa na nakala rudufu kwa mtoa huduma mwingine.

Utaratibu wa tahadhari unaweza kuwa wa kawaida sana: kila mwezi, baada ya mishahara kuidhinishwa, orodha kamili na faili la malipo ya benki vitolewe kwenye mfumo na kuhifadhiwa mahali pengine penye ulinzi. Mwezi mbaya ukifika, mwajiri anaweza kulipa kwa orodha ya mwezi uliopita na kurekebisha tofauti baadaye.

Bei na njia ya kutokea

Ada ya mwezi ndiyo sehemu inayoonekana zaidi ya gharama, na mara nyingi si kubwa kuliko zote. Kuna usimikaji, usafishaji wa taarifa, mafunzo, na kuunganisha mfumo na benki pamoja na mashine za kielektroniki za risiti. Kuna pia sarafu. Tuchukue mfano wa kubuni wa taasisi yenye watumishi 400 inayotozwa dola 6 kwa kila mtumishi kwa mwezi: kwa mwaka ni dola 28,800. Dola ikiwa shilingi 2,300, kama ilivyokuwa takribani mwanzoni mwa 2023, hiyo ni shilingi 66,240,000. Ikiwa shilingi 2,700, kama ilivyofika mwaka 2024, ni shilingi 77,760,000, bila mtumishi hata mmoja kuongezeka. Mkataba wa miaka mitano unapaswa kueleza bei itapanda kwa kiwango gani kwa mwaka, na nani anabeba mabadiliko ya thamani ya shilingi.

Vifungu vya kuvunja mkataba husomwa na wachache, kwa kuwa siku ya kusaini hakuna anayefikiria kuachana. Visomwe kabla ya vingine vyote. Taarifa zitatolewa kwa muundo gani, ndani ya siku ngapi, na kwa gharama gani? Mtoa huduma atazihifadhi kwa muda gani baada ya mkataba kuisha, na atathibitishaje kuwa amezifuta? Kumbukumbu za michango ya mtumishi aliyeajiriwa akiwa na miaka 25 zitahitajika atakapostaafu akiwa na 60, ambapo mkataba wa wingu wa miaka mitano utakuwa umekwisha mara saba. Kamati ya tathmini inaweza kulijaribu jambo hili wakati wa zabuni kwa kumtaka kila mzabuni atoe, palepale, historia kamili ya malipo ya mmoja wa wale watumishi kumi na watano katika faili linalofunguka kwenye programu ya kawaida ya majedwali, bila kuhitaji mfumo wake.